Chupa ya Kuondolea Kilio

Nguo zetu tulizihifadhi katika maboksi ya wiski. Mume wangu alikuwa akipanga mizigo katika duka moja la jumla la pombe katikati ya jiji, na kila boksi tupu lililokuwa bado na nguvu alilibeba kichwani mpaka chumbani kwetu Hillbrow. Moja lilikuwa la vitambaa vya wateja wangu, maana mimi ni mshonaji. Jingine la viatu, jingine la sufuria. Lile refu kuliko yote binti yetu alilisimamisha ukutani, likawa kabati la vitabu vyake vya shule. Dada mmoja wa kanisani alipokuja kupimwa gauni aliutazama ukuta wote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hapa munauza?" Nikamwambia hatuuzi wala hatunywi. Hakuamini mpaka nilipomfungulia boksi moja akaona soksi.

Binti yetu alijifunzia kusoma kwenye maboksi yale. Alizaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili chetu anakielewa chote, ila akijibu hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Jioni moja alisimama mbele ya ukuta, kidole juu ya boksi moja, kisha juu ya lingine.

"Papa, hawa wamekosea," alisema. "Hapa wameandika whiskey na e, hapa whisky bila e. Mwalimu angewapiga alama nyekundu."

Baba yake alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Alikaa sakafuni na soksi zake, akamvuta karibu.

"Hakuna aliyekosea," alimwambia. "Hawa wa Uskoti wanaandika bila e. Majirani zao wa Ayalandi wanaweka e. Wamarekani wengi wamefuata Ayalandi, ila si wote, kule kila mtu na kiburi chake. Kanada na Japani wamefuata Uskoti. Na hii inayotengenezwa hapa hapa Afrika Kusini, nayo haina e."

"Kwa hiyo ipi ndiyo sawa?"

"Kila mtu anaandika kama wanavyoandika kwao."

"Na sisi tunaandikaje?"

Hapo alikuna kichwa. Alisema kazini yuko Mtanzania wa Tanga anayeandika wiski, kwa herufi anazozisikia, basi. Sisi Wakongo tunaandika kama Wafaransa, na Wafaransa wameiga Uskoti. Mkenya wa ghorofa ya chini yetu hasemi hata wiski. Chupa kubwa anaiita mzinga. Na wateja wa Kizulu wakija dukani wanaomba ugologo, neno moja kwa kila kinywaji kikali, halafu wanaonyesha kwa kidole.

"Eish, papa," mtoto alisema. "Watu wote hawa na kitu kimoja."

Mimi nilikuwa kwenye mashine, nikicheka na kusikiliza. Lakini kwetu Lubumbashi, mtaani nilikokulia, hatukuwahi kugombania herufi za wiski, maana hakuna aliyeinunua. Watu walikunywa lutuku, ile ambayo Mtanzania anaiita gongo na Mkenya anaiita chang'aa. Baba yangu aliinywa mpaka ikamnywa yeye. Nilipobatizwa nikiwa mkubwa, niliahidi mbele ya watu kwamba kileo hakitapita midomoni mwangu. Mume wangu alilijua hilo kabla ya kunioa. Yeye mwenyewe hakuwa mlevi. Alionja siku za sikukuu tu, glasi moja, halafu aliosha ile glasi mwenyewe ili mimi nisiishike.

Alikufa usingizini. Alirudi kazini, akaoga, akala chakula nilichompikia, akasema amechoka, akalala. Asubuhi nilimgusa bega. Daktari alisema ni moyo, na karatasi ya hospitali ilisema hivyo hivyo. Lakini karatasi haisomwi kwa sauti katika kilio. Kilichosafiri kwenda Lubumbashi kilikuwa kifupi zaidi: alikula chakula cha mke wake, akalala, hakuamka.

Sikusingiziwa na mtu yeyote usoni. Ningesingiziwa ningejibu. Ilikuwa kwamba mama mkwe, aliyekuwa akinipigia kila Jumapili kuuliza habari za mjukuu, aliacha kupiga. Nilipompigia mimi, simu ilipokelewa na mtu mwingine, akasema mama amelala, mama yuko sokoni, mama hasikii vizuri siku hizi. Tulimzika hapa kwa sababu hatukuweza kumpeleka nyumbani, na hilo nalo liliongezwa juu ya lile. Wakasema nimeficha hata kaburi.

Nilivaa nyeusi karibu mwaka. Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mjane havui mwenyewe. Wenye mtoto wao ndio wanaomvua, siku wanayoitaka wao, na wakimvua wamesema mbele ya watu wote kwamba hawana neno naye. Wasipomvua, anabaki hivyo. Anaweza kuvaa nyekundu kama akitaka, hakuna polisi wa nguo, lakini kwao amebaki na doa, na watoto wake wamebaki hawana nyumba ya bibi. Mimi ningeweza kuishi na doa. Binti yangu bibi yake ni huyo mmoja tu, maana mama yangu alishafariki.

Kwa hiyo kaka mkubwa wa mume wangu alipokuja, nilijua kimemleta nini kabla hajakaa. Ana duka dogo Diepsloot, spaza, na si mtu wa kufunga duka katikati ya wiki. Mimi humwita yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa wetu. Alikunywa chai yote kwanza.

"Mama amekubali kilio kiondolewe, uvuliwe nyeusi," alisema. "Itakuwa hapa kwako. Yeye atatazama kwa simu, pamoja na wazee."

"Asante, yaya."

"Usishukuru bado. Wanataka chupa. Wiski. Na iwe ya Uskoti, si ya hapa."

Nilimuuliza kwa nini Uskoti. Alicheka kidogo. Alisema baba yao, alipomaliza kazi kule kwenye mashimo ya shaba, bosi alimpa chupa moja ya Uskoti, na mzee aliificha akawa anaitoa siku za mambo makubwa tu, kijiko kwa kila mtu. Tangu hapo katika ukoo wao jambo lililofanywa kwa kinywaji kingine ni kama halikufanywa. "Weye unajua wazee wetu. Ukileta bia watasema umeondoa kilio kwa maji."

"Nitaitafuta."

Aliangalia viatu vyake. "Na unajua anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza."

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua. Anayekukaribisha hunywa kwanza mbele yako, uone hakuna kitu ndani. Ni adabu ya kila siku, hata kwa togwa, hata kwa maji. Lakini wote wawili tulielewa kwamba siku hiyo haitakuwa adabu.

"Yaya, mimi sinywi."

"Najua, maman. Niliwaambia. Mama alisema, basi na ashike ahadi yake na nyeusi yake."

Alipoondoka nilikaa mbele ya mashine bila kushona. Nitasema ukweli kuhusu nilichoogopa. Mungu sikumwogopa sana, nilidhani ananijua. Niliogopa kukohoa. Sijawahi kunywa kitu kikali maishani, na nimewaona wanaume wakimeza na kukunja uso. Nikikohoa mbele ya ile simu, kule ng'ambo wataona nini? Wataona mwanamke aliyeweka kitu kinywani, na mwili wake ukakikataa.

Nilikwenda kununua pale pale alipokuwa akifanya kazi mume wangu. Yule Mtanzania wa Tanga bado yupo. Ni mtu mzima, kofia kichwani, hakosi swala, na hakuna chupa asiyoijua mahali pake. Wakati wa msiba alikuja na wenzake wa msikitini wakasimama nasi makaburini mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema aliponiona, akaweka chini alichobeba. "Umepotea njia? Kanisa liko mtaa wa pili."

"Natafuta wiski."

"Lahaula. Wewe?"

Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akanitangulia kwenye rafu. "Haya basi. Mlokole na mswalihina mbele ya wiski. Akipita mchungaji wako na shehe wangu sasa hivi, sijui nani atazimia kwanza."

Nilinyoosha mkono nikachukua chupa moja. Nilikuwa nimesoma lile neno, nimeona halina e, nikakumbuka somo la sakafuni. "Hii ni ya Uskoti," nilisema.

"Umejuaje?"

"Haina e."

Alitabasamu kwa namna iliyonifanya nijue nani alimfundisha nani. "Hata Mjapani haweki. Hata hawa wa Cape hawaweki. Soma huku chini, maandishi madogo." Nikasoma. Ilitengenezwa Afrika Kusini. "Herufi inakufikisha mlangoni tu, shemeji. Jina la nchi ndilo linakuingiza ndani."

Alishusha nyingine, akanionyesha jina la nchi, akaifunga kwa gazeti, na gazeti akalifunga kwa mfuko mweusi, akisema hivyo hata malaika wangu watadhani ni mafuta ya kula. Nilimuuliza kama inachoma.

"Mimi naibeba tu, sijaonja. Ila wageni wakionja pale mbele, wote hukohoa. Wote kabisa." Aliuona uso wangu. "Si lazima umeze. Lowesha midomo tu, ujifute. Nani atajua, kwa simu?"

Alisema kwa huruma, na njia nzima nililifikiria neno lake. Nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, mpaka ikabadilika na kubadilika tena, watu wakinipita. Lilikuwa neno jepesi na lingenisaidia. Lakini kama ningefanya hivyo, ningekuwa nimewapa wakwe zangu kikombe huku mkono wangu mmoja umefichwa. Ndicho hasa walichokuwa wakinidhania. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeamua kwamba nitanywa, na kama kukohoa, nitakohoa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Yaya alikuja na mke wake, na mke wake alikuja na kitenge kipya ndani ya mkoba, hakukitoa. Simu tuliiegemeza kwenye mashine ya kushonea. Picha ilikatika, ikarudi, ikakatika, na binti yangu akawa anamwambia baba yake mkubwa abonyeze wapi. Kisha mama mkwe akatokea. Sikuwa nimemwona tangu mazishi, na hata siku ile alikuwa tu uso mdogo katika kona ya simu ya mtu. Alikuwa amekonda. Nyuma yake walikaa wazee wawili na wanawake ambao sikuwatambua.

Yaya alisema maneno yake. Alisema mtoto wao aliondoka akiwa mtu mwenye kazi na nyumba, hakufia barabarani, na kwamba mjane wake amekaa. Ndivyo tunavyosema mjane akitimiza kilio chake: amekaa. Halafu akaniangalia.

Nilivunja kizibo. Nilimimina katika kikombe cha chai kwa sababu glasi ya mume wangu sikutaka kuitoa. Nikasema kwa simu, "Mama, hiki nimekileta mimi," nikanywa. Sikulowesha midomo. Nilimeza.

Sijui nieleze vipi. Ilishuka kama pasi ya makaa. Nilishika pumzi nikidhani nimeshinda, kisha kifua kikafunguka chenyewe, nikakohoa. Nilikohoa mpaka machozi, mpaka nikashika ukingo wa meza. Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wakinitazama, hapa chumbani na kule ng'ambo.

Mwanamke mmoja nyuma ya mama mkwe alisema jambo. Nilisikia neno "muone" tu.

"Nyamaza weye," mama mkwe alisema bila kugeuka. Alikuwa ameusogeza uso karibu na simu, niliona jicho moja na nusu ya pua tu. "Huyu hajanywa hata siku moja. Humuoni? Hajui hata kupumua."

Sasa aligeuka akawatazama.

"Amekunywa kwa ajili yetu," alisema. Kisha, kwangu: "Mwana yangu, kunywa maji. Mpeni maji. Munamtazama nini?"

Binti yangu ndiye aliyeleta maji. Yaya alichukua kile kikombe, akamalizia kilichobaki kwa mara moja, kama mwenye mali, naye akakohoa.

"Na weye?" mama yake alimuuliza.

"Ni ya Uskoti, mama. Inachoma."

"Baba yenu hakukohoa."

"Baba alikunywa kwa kijiko."

Wazee wale wawili walicheka kwanza, halafu wanawake. Nami nilicheka, huku bado natokwa na machozi, na mke wa yaya akatumia nafasi hiyo kunifungua kilemba cheusi. Alikifungua polepole, kama anayevua bandeji. Nywele zilikuwa zimeota mvi mbele, sikujua. Alinifunga kile kitenge juu ya gauni, akanikalisha, na kule Lubumbashi wakapiga vigelegele ambavyo simu yetu ilivikatakata.

Sitaki kudanganya kwamba wiski ilithibitisha kitu. Mtu aliyeua anaweza kunywa chupa nzima asikohoe. Mama mkwe ni mtu wa akili, na hilo analijua kuliko mimi. Nadhani kwa muda mrefu alitaka kurudi kwangu na hakuwa na mlango, na desturi ikampa mmoja. Naye akautumia kabla mtu hajaufunga.

Jumapili nilimweleza mchungaji mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alisema anaelewa, lakini ahadi ni ahadi. Nikae nje ya kwaya kwa muda. Nilikaa benchi la nyuma. Sikusema ameonea. Kutoka kule nyuma nilisikia kwaya vizuri kuliko nilivyokuwa nikiisikia nilipokuwa ndani yake, na siku nyingine niliimba hapo hapo nilipo.

Ilikuwa asubuhi moja ya wiki iliyofuata, nikiwa napindua kola ya sare ya shule, simu ikalia. Nilipoona jina la mama mkwe nilidhani amekufa na wanapiga watu wake. Ilikuwa yeye.

Tulisalimiana kirefu. Aliuliza mvua, aliuliza mtoto, aliuliza kama koo limepona. Kisha nikasikia kuku wake.

"Ule usiku," alisema. "Ulimpikia nini?"

Mguu wangu uliachia mashine. Lakini sauti haikuwa ya mtu anayechunguza. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Bukari, mama. Na sombe, na samaki." Ugali na kisamvu, angesema yule wa Tanga.

"Sombe ulitia nini?"

"Mawese, na kitunguu. Karanga hapana, alisema zinamkalia tumboni."

"Zilimkalia tangu mtoto. Alikula vizuri?"

Ningeweza kusema alimaliza yote. Mama yeyote angependa kusikia hivyo.

"Alikula, ila alibakiza," nilisema. "Alibakiza kichwa cha samaki, na bukari kidogo pembeni."

"Alikisukuma pembeni ya sahani? Kile kichwa?"

"Ndiyo, mama. Kwa kijiko."

"Akakigeuza kisimtazame."

Sikuwa nimemwambia hilo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Niliziba mdomo kwa ile kola.

"Ndiyo," nilisema. "Alikigeuza."

"Basi alikuwa mzima," alisema mama yake. "Alikuwa anakula kama yeye." Akashusha pumzi ndefu, akaniambia nisikate simu, anakwenda kufukuza kuku kwenye unga, anarudi. Nikakaa nikimngoja.